Mpelelezi Mwema Hakuonekana

Kuna filamu moja ya Kijerumani ambayo watu wameisifu kupita kiasi, nami leo nataka kuipinga. Jina lake ni Das Leben der Anderen, maana yake Maisha ya Watu Wengine. Aliyeitunga na kuiongoza ni Florian Henckel von Donnersmarck. Ilitoka mwaka 2006, na mwezi wa pili wa mwaka 2007 ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani kuwa filamu bora ya lugha ya kigeni. Tangu hapo, mtu akiuliza maisha ya Wajerumani chini ya ukomunisti yalikuwaje, anaambiwa: «Tazama ile, utajua yote.» Nami nasema: filamu hiyo inapendeza macho, wachezaji wake ni hodari, lakini kiini chake si kweli.

Kwanza tukumbushane nchi yenyewe. Baada ya vita vikubwa vilivyokwisha mwaka 1945, Ujerumani iligawanyika, na mwaka 1949 zikawa serikali mbili. Upande wa mashariki ulitawaliwa na chama cha wakomunisti kilichoitwa SED. Mwaka 1950 serikali hiyo iliunda polisi ya siri, nayo watu wakaiita Stasi. Tarehe 13 Agosti 1961 ilianza kujenga ukuta katikati ya mji wa Berlin, si kuwazuia adui wasiingie, bali kuwazuia wananchi wasitoke. Watu wasiopungua 140 walikufa kwa ajili ya ukuta huo, mpaka ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Mwaka huo wa mwisho Stasi ilikuwa na watumishi wa kudumu 91,000 hivi, na juu yao wachongezi wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu milioni 16 tu. Fanya hesabu mwenyewe. Mchongezi hakutoka mbali. Alikuwa jirani, mwalimu, mwenzako wa kazi. Mafaili yalipofunguliwa mwanzo wa mwaka 1992, watu walikwenda kusoma habari zao wenyewe, na wengine walirudi nyumbani wakilia. Vera Wollenberger, aliyekuwa mbunge, alikuta kwamba aliyempeleka habari zake kwa Stasi ni mume wake.

Sasa sikilizeni hadithi ya filamu. Ni mwaka 1984. Kapiteni wa Stasi, jina lake Wiesler, anapewa kazi ya kumpeleleza mwandishi wa michezo ya kuigiza, Georg Dreyman. Vyombo vya kusikilizia vinafichwa ndani ya kuta za nyumba, naye Wiesler anakaa juu darini, masikioni ana vyombo vyake, anasikiliza usiku na mchana. Anawasikia wanavyopendana, wanavyobishana, anasikia muziki wa piano. Pole pole moyo wake unageuka. Anaanza kuandika ripoti za uongo ili kumwokoa Dreyman. Mwisho anaficha mashine ya kuandikia iliyotafutwa na wakubwa wake. Wanamshuku, wanamteremsha cheo, anawekwa chini ya ardhi kufungua barua za watu kwa mvuke. Ukuta unaanguka. Dreyman anasoma faili lake, anatambua ni nani aliyemwokoa, anaandika kitabu na kumtolea yule kapiteni kwa namba yake ya siri. Wiesler anakinunua kitabu dukani, na watu katika nyumba ya sinema wanafuta machozi.

Nami nauliza: machozi hayo ni ya nani? Tunamlilia nani hapo? Tunamlilia mpelelezi.

Mwongozaji alipoandaa filamu yake aliomba ruhusa ya kupiga picha ndani ya gereza la zamani la Stasi huko Hohenschönhausen, Berlin, ambalo sasa ni mahali pa kumbukumbu. Mkuu wa mahali hapo wakati ule alikuwa mwanahistoria Hubertus Knabe. Akakataa. Hakutaka mahali watu walipoteswa patumiwe kumfanya mtu wa Stasi kuwa shujaa. Mwongozaji akamtajia mfano wa Schindler, yule Mjerumani aliyewaokoa Wayahudi zamani za Hitler, na filamu iliyotengenezwa juu yake. Knabe akajibu kwamba tofauti ndiyo hiyo hiyo: Schindler aliishi kweli, lakini Wiesler hajulikani popote. Kumbukumbu za Stasi zilizobaki, zikipangwa katika mstari mmoja, zina urefu wa kilometa zaidi ya 100. Wataalamu wamezichambua kwa miaka mingi. Basi Wiesler yuko wapi humo?

Tena, hata kama angekuwapo, asingeweza. Filamu inamwonyesha mtu mmoja anayehoji wafungwa, anayefundisha vijana wa Stasi, anayeongoza kutega vyombo nyumbani mwa mtu, anayekaa darini kusikiliza, na anayeandika ripoti. Stasi haikufanya kazi hivyo. Wa kutega vyombo walikuwa wengine, wa kusikiliza wengine, wa kuhoji wengine, na kila mmoja alikuwa na mkubwa wake wa kumkagua. Stasi iliwapeleleza hata watu wake yenyewe. Kapiteni mmoja wa kweli, Werner Teske, alianza kusitasita katika kazi yake, akaficha karatasi za ofisi nyumbani, akafikiri kukimbilia upande wa magharibi. Hakukimbia, alifikiri tu. Tarehe 26 Juni 1981 aliuawa gerezani huko Leipzig kwa risasi moja nyuma ya kichwa, bila kuambiwa mapema. Hakuna mtu aliyeuawa kwa hukumu katika nchi ile baada yake. Mwaka 2021 mwongozaji Franziska Stünkel alitoa filamu iitwayo Nahschuss iliyofuata mambo ya Teske. Hiyo haikupata Oscar.

Najua watakaonijibu. Watasema: «Bwana, hadithi ni hadithi. Mtunzi ana haki ya kubuni.» Ni kweli, anayo haki. Lakini filamu hii haikujiuza kama ngano. Ilijisifu kwa ukweli wake. Iliingia mpaka makao makuu ya Stasi penyewe, Normannenstraße, kupiga picha. Ilionyesha vile vitambaa vilivyofungwa katika chupa ili kuhifadhi harufu ya mtu kwa ajili ya mbwa, jambo ambalo Stasi walilifanya kweli. Chupa ni za kweli, kuta ni za kweli, na katikati ya vitu vyote vya kweli amewekwa mtu asiyekuwapo. Huo ndio uongo wenye nguvu kuliko wote. Mtu akichanganya maji kidogo na maziwa mengi, nani ataona?

Wengine watasema: «Je, mtu mbaya hawezi kugeuka?» Anaweza. Lakini angalieni Wiesler anageuka namna gani. Anageuka peke yake, gizani, bila kumwambia yeyote, bila kukutana uso kwa uso na mtu hata mmoja aliyemtesa. Mwanzo wa filamu tunamwona akimhoji mfungwa saa nyingi bila kumwacha alale. Mfungwa yule alikwenda wapi? Filamu haiulizi tena. Anapewa msamaha ambao hakuuomba, na anayempa si yule mfungwa. Hesabu ya watu wengine imefutwa kwa sababu alimtendea vema mwandishi mmoja mashuhuri.

Basi turudi nyuma kwa wale walioishi ndani yake. Watu husahau kwamba Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na kiwanda chake cha filamu, DEFA, kilichoanzishwa mwaka 1946 huko Babelsberg, mjini Potsdam. Kilitengeneza filamu za hadithi zipatazo 700. Nyingi zilikuwa za kusifu chama, sikatai. Nyingine unalala kabla hazijafika katikati. Lakini mwaka 1965 watengenezaji kadhaa walijaribu kusema kweli, na mambo yaliyowapata yanatufundisha zaidi ya Oscar zote.

Mmoja wao alikuwa Kurt Maetzig. Huyu hakuwa mpinzani. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa DEFA, mwanachama mwaminifu, aliyetengeneza filamu kubwa mbili za kumtukuza Ernst Thälmann, kiongozi wa wakomunisti. Mwaka 1965 akatengeneza Das Kaninchen bin ich, yaani Sungura ni Mimi. Habari yake ni hii: Maria Morzeck ni msichana wa Berlin wa miaka 19, mwenye akili. Kaka yake Dieter amefungwa kwa kosa la kuchochea watu juu ya serikali, katika kesi iliyofungiwa milango. Kwa sababu hiyo Maria ananyimwa masomo ya chuo kikuu, anakuwa mhudumu katika hoteli ya vinywaji. Siku moja anakutana na mwanamume mpole, mwenye umri na heshima, wanapendana. Baadaye anajua kwamba bwana huyo, Paul Deister, ndiye hakimu aliyemfunga kaka yake.

Hapa, ndugu msomaji, usipite upesi. Deister si shetani. Anacheka, anapika, anampenda msichana kwa namna yake. Alimfunga Dieter kwa sababu wakati ule wakubwa walitaka hukumu kali, na hukumu kali zilimpandisha cheo. Kisha upepo unageuka, wakubwa wanataka sheria ya upole. Deister yuko tayari kumwombea Dieter msamaha yeye mwenyewe, maana sasa upole ndio utakaompandisha. Maria anamtazama na anafahamu: mtu huyu hakugeuka hata kidogo, ni upepo tu uliogeuka. Hapana muziki wa piano hapo. Hapana machozi. Lakini ukitaka kujua jinsi serikali ile ilivyosimama miaka 40, mtazame Deister. Ilisimama juu ya mabega ya watu kama yeye, watu wa adabu njema, wenye nyumba ya mapumziko mashambani na sauti ya upole.

Wakubwa wa chama walifahamu mara moja. Mwezi wa Desemba 1965 Kamati Kuu ya SED ilifanya mkutano wake wa kumi na moja. Wajumbe walionyeshwa filamu hiyo pamoja na nyingine ya Frank Vogel, Denk bloß nicht, ich heule. Erich Honecker, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa nchi, alisoma maneno makali ya kuwashtaki waandishi na wenye filamu kwamba wanaharibu mioyo ya vijana. Karibu kazi yote ya DEFA ya mwaka mzima, filamu zipatazo 12, ikafungiwa katika ghala. Watu wakaziita kwa mzaha «filamu za sungura». Maetzig akalazimika kujishtaki hadharani katika gazeti la chama. Fikiri: mtu aliyeonyesha hakimu anayepindisha maneno yake kuwapendeza wakubwa, sasa yeye mwenyewe anatakiwa kupindisha ya kwake.

Frank Beyer naye alikuwa na filamu yake, Spur der Steine, ya mwaka 1966. Mahali ni uwanja mkubwa wa ujenzi. Manfred Krug anacheza Balla, kiongozi wa maseremala, mtu wa nguvu na kiburi, anayewanyang'anya wengine mchanga na mbao ili kundi lake limalize kazi, kwa sababu mipango iliyoandikwa ofisini haifai kitu. Anakuja katibu mpya wa chama, Horrath, mtu mwema kweli kweli. Lakini Horrath ana mke, na anampenda injinia kijana, Kati. Kati anapata mimba, naye hasemi baba ni nani, na Horrath anaogopa kusema. Chama kinamwuliza Kati maswali mbele ya watu, katibu anakaa kimya. Filamu hii ilionyeshwa siku tatu tu. Watu waliotumwa na chama waliingia katika nyumba za sinema wakapiga kelele na kutukana, kisha gazeti likaandika kwamba wananchi wenyewe wamekasirika. Ikaondolewa. Beyer akafukuzwa DEFA, akapelekwa kufanya kazi ya michezo ya jukwaani huko Dresden. Ilipita miaka kabla hajaruhusiwa kurudi, naye aliporudi alitengeneza Jakob der Lügner, filamu pekee ya Ujerumani ya Mashariki iliyopata kuingizwa katika mashindano ya mwisho ya Oscar.

Kuna watu wanaosema: «Hao walikuwa wakomunisti, tusiwasikilize. Walitaka kutengeneza ukomunisti, si kuuvunja.» Ndiyo, Beyer na Maetzig waliamini. Na hiyo ndiyo sababu ushahidi wao ni mzito. Adui akisema nyumba yako inavuja, utasema anakuonea wivu. Mwana wa nyumba akisema paa linavuja, na baba akampiga kwa kusema hivyo, kila jirani anajua kwamba linavuja. Chama hakikuwaogopa hao kwa sababu walisema uongo.

Sisemi kwamba ukweli ulikoma pale ukuta ulipoanguka. Good Bye, Lenin! ya Wolfgang Becker, ya mwaka 2003, wengine wanailaumu kwamba inaifanyia mzaha nchi ile na kuwatia watu hamu ya matango ya chupa. Mimi siilaumu sana. Humo kijana anamdanganya mama yake mgonjwa, aliyelala bila fahamu wakati ukuta unaanguka, kwamba nchi yao bado ipo. Anamtengenezea hata habari za uongo za televisheni. Lakini mtazamaji anaonyeshwa uongo ukitengenezwa, kamba na misumari yake yote. Hakuna anayetoka mlangoni akiwa amedanganyika.

Iko pia Barbara ya Christian Petzold, ya mwaka 2012, ambayo wazazi wake walikimbia kutoka mashariki. Nawaomba wale wanaompenda Wiesler waitazame. Ni mwaka 1980. Daktari mwanamke ameomba ruhusa ya kuhama nchi, akafungwa, kisha akapelekwa katika hospitali ndogo karibu na bahari ya Baltiki. Afisa wa Stasi anakuja kupekua chumba chake, na mwanamke mwingine anakuja kupekua mwili wake. Afisa huyo ana mke anayekufa kwa kansa. Tunamwona amekaa jikoni, amevunjika moyo kama mtu yeyote aliyefiwa. Ni binadamu. Na hata hivyo anaendelea kupekua. Filamu haimpaki chokaa. Na wema je? Wema upo, lakini uko mahali pake. Barbara amekwisha kupangiwa mashua ya kumvusha usiku. Mahali pake anampa msichana aliyetoroka kambi ya kazi ya Torgau, mwenye mimba, naye anarudi hospitalini kwa wagonjwa wake. Haoni mtu wa kumwandikia kitabu.

Filamu ninayoiweka juu ya zote za siku hizi ni Gundermann ya Andreas Dresen, ya mwaka 2018. Dresen alizaliwa na kukulia upande wa mashariki. Gerhard Gundermann alikuwa mtu wa kweli, aliyekufa mwaka 1998: mchana aliendesha mashine kubwa ya kuchimba makaa ya mawe huko Lausitz, jioni aliimba nyimbo zake, na watu walimpenda sana. Alibishana na wakubwa wake kazini mpaka wakamfukuza katika chama. Naye alikuwa mchongezi wa Stasi kwa miaka kadhaa, na baadaye Stasi wakampeleleza yeye pia. Baada ya mwaka 1990 habari ikatoka. Filamu inamfuata anapokwenda kwa rafiki mmoja baada ya mwingine, na kuambiwa machoni: uliandika juu yangu. Yeye anakumbuka kidogo tu, kisha anaona wingi wa kurasa alizozijaza mwenyewe, na anaduwaa. Si mwovu. Si mwokozi. Maneno ya kuomba radhi yanamkwama kooni. Ukimtazama humpendi wala humchukii kwa raha. Unajiuliza wewe ungesema nini kwa yule bwana wa Stasi aliyekuja na tabasamu na kukuambia kwamba nchi inakuhitaji. Filamu hii ilipewa tuzo kubwa ya filamu ya Ujerumani mwaka 2019, lakini ng'ambo ni wachache wanaoijua.

Kwa nini dunia ilimpenda Wiesler na haikumjua Gundermann? Kwa sababu Wiesler anatustarehesha. Anatuambia kwamba hata ndani ya mashine ile alikuwamo mlinzi, kwamba wema ungejitokeza wenyewe, na kwamba kama sisi tungekuwa darini pale na vyombo masikioni, tungefanya kama yeye. Watumishi 91,000 wa Stasi wangefurahi kusadikiwa hivyo. Baadhi yao bado wako hai, wanapokea pensheni, na wamewahi kukutana barabarani na watu waliowafunga.

Na filamu ya Maetzig? Mwisho wake kaka yake Maria anatoka gerezani, anajua habari za hakimu, anampiga dada yake. Si hakimu anayepigwa, ni yeye. Maria anaondoka nyumbani, amepakia vitu vyake juu ya kigari cha mkono, anakivuta peke yake barabarani Berlin, anakwenda kutafuta chumba na kuomba tena nafasi ya masomo. Picha hiyo ilipigwa mwaka 1965. Ililala ghalani miaka 24, na watu wa Berlin waliiona baada ya ukuta kwisha kufunguliwa.